UZI MAALUM: Ramani za kale za kuweka ukutani. Ipi uchapishe, faili unatoa wapi, na kwa nini ukienda na fleksi (lile turubai la plastiki la mabango) utajuta

Chumbageni Original (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa mapambo ya sebule nimeona watu wanaulizia zile ramani za zamani za fremu, zile zenye rangi ya karatasi iliyozeeka na majahazi na manyangumi baharini, halafu wanatajiwa bei za kuagiza nje mpaka mtu anaghairi anaenda kununua picha ya pundamilia. Nikaona bora nifungue uzi wake kabisa. Ramani iliyochapwa miaka ya 1500 mpaka 1800 haina mwenyewe tena wa kudai haki miliki, na maktaba kubwa za dunia zimeshaziskani kwa ubora wa juu zikaziweka mtandaoni, unaingia unapakua. Wewe unalipia karatasi, wino, kioo na mbao basi.

Library of Congress ya Marekani mwaka 2003 walikamilisha kununua ramani ya dunia ya Waldseemüller ya 1507 kwa dola milioni 10. Leo wewe ukiwa Korogwe na bando lako unaipakua bure, karatasi zote 12. Hebu fikiria hapo.

Sasa kabla hatujafika kwenye wino tuzungumzie uchague ipi, maana hapo ndipo watu wanaponunua sura tu. Wengi wanakimbilia Afrika ya Willem Blaeu, yule Mholanzi wa Amsterdam, ya mwanzoni mwa miaka ya 1600. Siwalaumu, inapendeza: kushoto na kulia watu wamesimama na mavazi yao, juu kuna picha ndogo tisa za miji kuanzia Tangier na Ceuta mpaka Cairo na Msumbiji, ndani ya bara kuna tembo, simba, mbuni. Tena kipimo chake ni kama sentimita 41 kwa 55, kwahiyo ukiichapa ukubwa wake halisi inakaa kwenye karatasi ya A2 bila kuhangaika. Shida yangu ni ukiisogelea ukatafuta kwenu. Pwani ipo, Mombasa na Malindi na Kilwa zipo, ila ukiingia ndani Mto Nile unatoka kwenye maziwa mawili, Zaire na Zaflan, ambayo mzizi wake ni habari za Ptolemy wa Alexandria, mtu wa karne ya pili. Yaani miaka 1,400 na ushee mtu anamnakili mtu aliyemnakili mtu, na bara katikati wamejazia wanyama ili pasionekane patupu.

Ya ukutani kwangu mimi ni ya Erhardt na Rebmann. Hawa ni wamisionari wa Kijerumani waliokaa Rabai, huko nyuma ya Mombasa. Rebmann ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 akaandika, wasomi wa London ambao hawajawahi hata kukanyaga Pwani wakambishia eti karibu na ikweta haiwezekani. Ramani yao ilifika London 1855 na mwaka uliofuata ikachapwa Gotha, Ujerumani, kwenye jarida la jiografia la Petermann. Ukiiangalia unacheka: katikati ya bara kuna ziwa moja refu nene limejikunja kama konokono aliyetoka kwenye gamba, limemeza Victoria, Tanganyika na Nyasa kwa mpigo mmoja.

Ni kosa kubwa hilo, na ndiyo sababu naipenda, maana habari zenyewe zilitoka kwa watu wetu. Erhardt mwaka 1854 alikuja akakaa hapa Tanga miezi kadhaa, kazi yake kuwauliza wenye misafara huko ndani kuna nini. Wanaoondokea Tanga na Pangani wakamwambia ukienda sana unakuta maji hayana ng'ambo. Wanaopita njia ya Unyamwezi nao hivyohivyo, wa Kilwa nao hivyohivyo. Kila mmoja alisema kweli yake! Mchoraji ndiye aliyeziunganisha kweli za watu watatu akapata bahari moja. Na njia za misafara amezichora kutoka Pwani kuingia ndani, unaweza kuzifuata kwa kidole. Mgeni akikaa kwenye kochi langu lazima aulize lile dude la katikati ni nini, na hapo chai inapoa.

Karibuni tuendelee, wa mafremu na wa printi mje.

Mkurugenzi wa Sofa

Hahahaaa mkuu yaani nimwambie wife nimeleta konokono ukutani?? 🤣 Mimi niacheni na Blaeu wangu na tembo wake, sebule ni ya kupendeza siyo ya kusomeshea watu. Swali langu, hiyo ya Blaeu naitoa wapi faili iliyo safi? Nimetoa moja kwenye mambo ya picha picha mtandaoni, kwenye simu inaonekana bomba.

Chumbageni Original

Kwenye simu kila kitu bomba mkuu. Nenda maktaba zenyewe: Library of Congress, David Rumsey iliyoko Stanford (hii ina ramani zaidi ya laki moja, utapotea humo), Gallica ya Wafaransa. Stanford pia wana mkusanyo wa daktari mmoja wa Johannesburg, Oscar Norwich, ni Afrika tupu, mamia ya ramani, Blaeu yumo, Ortelius yumo. Ukifungua usibonye kuhifadhi ile picha unayoiona kwenye skrini, hiyo ni kijipicha. Tafuta sehemu ya kupakua uchague kubwa kuliko zote, mara nyingi ni TIFF au JPEG2000. Ikiwa faili lako ni KB mia nne jua umebeba kivuli.

Nyuki wa Tabora

Mleta uzi umeniwahi kwenye konokono ila hadithi umeiacha njiani, ngoja nimalizie maana sehemu tamu imetokea kwetu.

Ile ramani ndiyo iliyowafanya Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha London, wawatume wapelelezi wao Burton na Speke. Wametoka Pwani 1857, mwezi wa 11 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii. Hapo wakampata mfanyabiashara wa Kiarabu anaitwa Snay bin Amir, mtu amezunguka huko ndani miaka mingi, wakamweleza habari za lile ziwa moja kubwa. Mzee akawaambia siyo moja, yako matatu, mbalimbali, akawaeleza na njia zake. Yaani suala lililowatoa jasho wasomi wa London limemalizwa barazani Tabora na mtu anakunywa kahawa yake. Februari 1858 wakafika Ujiji wakaona Tanganyika, halafu Burton akiwa mgonjwa Speke akaenda kaskazini peke yake na msafara, tarehe 3 Agosti akasimama Mwanza anaangalia maji. Nyasa nayo Livingstone akaifikia 1859. Miaka mitatu minne tu baada ya kuchapwa konokono akawa ameshakatwa vipande vitatu.

Kwahiyo mimi nilichofanya nimechapa mbili nikaziweka jirani, ya 1856 kushoto na ya Speke kulia, ile aliyochora baada ya safari. Ukitazama kutoka ya kwanza kwenda ya pili hata mtoto anaelewa kilichotokea bila kuelezwa. Na jina la Sidi Mubarak Bombay, mkalimani na msaidizi wao, huwezi kuliona kwenye ramani yoyote kati ya hizo mbili ingawa ndiye alikuwa nao, hilo huwa linaniuma kidogo.

Mmatumbi Halisi

Samahanini wakuu nitaharibu hali ya hewa. Hizi ramani zote mnazosifia zilichorwa na nani, kwa kazi gani? Kuna mgahawa nimeingia juzi (sitautaja) wameweka ukutani ramani ya Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani huku kwetu, kubwaaa, imewekewa na taa ya kuimulika, watu wanapiga nayo selfi. Kasanga imeandikwa Bismarckburg. Tukuyu imeandikwa Neu-Langenburg. Lushoto Wilhelmstal. Kilele cha Kilimanjaro kimepewa jina la Kaiser, mfalme wao. Babu zangu wamekufa kwenye Maji Maji wakipigana na watu waliochora vitu hivi halafu leo ni pambo la kunywea kapuchino? Hapana kwa kweli. Ramani haikuwa pambo, walikuwa wanajua wapite wapi na kodi waidai wapi.

Bi Makadara

Mmatumbi, mie niko nawe nusu. Nusu nyengine siko 😂

Hamujambo nyote. Sisi huku Mombasa tunazo zetu za karne nyengine, na zenyewe si za kufurahisha ukizijua. Kuna ile karatasi ya Braun na Hogenberg, imetoka Cologne mwaka 1572 kwenye juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha miji ya dunia. Juu ni Aden, yake ndefu imechukua karatasi, chini kuna vipande vidogo: Mombasa, Kilwa, Sofala. Kilwa ina minara na nyumba zimebanana, utapenda. Lakini huu mwaka ni 1572, na Almeida, yule mkuu wa Wareno, kwisha kuipora Kilwa na kuichoma Mombasa tangu 1505. Hawa mabwana wa Cologne huku hawakufika, walichora kwa kufuata michoro ya Wareno. Mie nimeiweka pale ukumbini kwa sababu hiyo hiyo: huo ndio mji wetu ulivyoangaliwa na mtu aliyekuja na mizinga. Wajukuu wakiniuliza nawaambia yote, siwafichi.

Nyengine, kama mwapenda kitu kitulivu kisicho na tembo wala masultani, tafuteni chati za baharini za kapteni Owen. Yule alipima pwani yote hii kwa meli mbili, Leven na Barracouta, kati ya 1822 na 1826. Zile chati ni nyeusi na nyeupe, tarakimu ndogo ndogo za vina vya maji zimejaa kila mahali, bandari imechorwa mpaka mwamba. Ukitia fremu nyeusi nyembamba yapendeza kuliko rangi zote hizo. Na hapo utaona Port Reitz, alilipa jina la luteni wake, Reitz, aliyeachwa hapa kuangalia mji 1824 akafa kwa homa mwaka huo huo. Watu wapita kila siku kwenda uwanja wa ndege hawajui ni jina la marehemu.

Mwl. Jiografia

Shikamoo Bi Makadara.

Mmatumbi nakuelewa vizuri ila mimi ile ya Wajerumani ningeitundika darasani kesho asubuhi wakinipa. Zile karatasi za kipimo cha 1:300,000 walizosimamia Sprigade na Moisel, zikachapwa na Dietrich Reimer Berlin, zina undani ambao huupati kwingine kwa kipindi kile. Vijiji vingi vimeandikwa kwa majina ya majumbe waliokuwepo wakati ule, mito midogo, njia za miguu, visima. Nina wanafunzi wamekuta jina la ukoo wao humo. Ni ushahidi. Kwamba waliichora ili watutawale ni kweli, na hilo nalo linaonekana ukiangalia walichopima sana na walichoruka.

Tena ukiwa nayo unamaliza na ule uongo wa mtaani kwamba malkia Victoria alimzawadia Kaiser mlima Kilimanjaro kwenye sherehe ya kuzaliwa ndiyo maana mpaka umepinda. Mpaka ule ni makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, walikaa mezani wakagawana, hakukuwa na keki. Na hilo jina la Kaiser kileleni alilitoa Mjerumani Hans Meyer alipofika juu 1889, likakaa mpaka Uhuru, Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge Desemba 1961. Ukiwa na ramani ukutani unaonyesha kwa rula.

Ila taa ya kuimulika na selfi, hapo nakubaliana na wewe ni ujinga.

Mmatumbi Halisi

Darasani sawa mwalimu, kuna mtu wa kuelezea. Mgahawani nani anaelezea? Weita? Wangeweka hata kikaratasi chini kueleza hii ni ya mwaka gani na majina ya leo ni yapi ningenyamaza.

Chumbageni Original

Hicho kikaratasi ni wazo zuri sana, mimi nimefanya hivyo kwangu, chini ya kioo kuna mistari minne inasema nani kachora, wapi, lini, na habari alizipata kwa nani. Kwa upande wangu ya Wajerumani ninayo ila iko kabatini, natoa nikitaka kusoma. Ukutani nakaa na ile ambayo nasikia sauti za wenye misafara ndani yake. Hiyo ni yangu, kila mtu na ukuta wake.

Mdau Muscat

Assalaam alaykum kutoka Muscat. Huku kwenye nyumba za Waswahili utaikuta sana ya Al-Idrisi, kila mtu anayo, ya duara au ile ndefu. Watu wanadhani imetundikwa kichwa chini 😂 siyo, kusini ndiyo juu, ndivyo alivyochora alipomaliza kazi yake kwa mfalme Roger wa Sicily mwaka 1154. Kwahiyo Afrika iko juu na Ulaya iko chini, inaburudisha roho.

Lakini jihadharini kitu kimoja kwenye hiyo ndefu. Idrisi alitoa vipande 70 kwenye kitabu, na inayouzwa kama bango moja mara nyingi ni ile aliyoiunga Mjerumani Konrad Miller mwaka 1928, majina kayaandika kwa herufi za Kilatini. Kama unaona maandishi ya kizungu ujue unanunua kazi ya 1928 iliyosimama juu ya kazi ya 1154. Si haramu kuitundika, nzuri tu, ila usiwaambie wageni ndiyo yenyewe ya zama zile. Anayetaka Kiarabu chake atafute skani za nakala za mkono za kitabu chenyewe, ziko Paris na Oxford.

Mpiga Plota

Nimeitwa? Nafanya kazi ya printi miaka mingi Kariakoo, nasema haya kwa faida ya wote na msinitafute inbox kwa ajili ya bei maana bei inabadilika na karatasi ikipanda.

Kwanza pikseli. Ramani siyo picha ya harusi, ramani ina maandishi madogo kama mchwa na mistari myembamba, ikikosa pikseli inakuwa matope. Ukitaka A1 safi kabisa, ya kusogelea na kusoma, faili liwe kama pikseli 7,000 kwa 10,000. Nusu ya hapo unaweza kusamehe kama itakaa juu ya kochi mtu haifikii. Jamaa wanakuja na kitu cha pikseli 1,200 wamekitoa kwenye simu wanataka A0, nikimwambia hapana anasema mwenzako wa kule amekubali. Ndiyo amekubali, atachukua hela yako.

Pili, FLEKSI NI YA BANGO LA DUKA. Kuna mteja alipeleka ramani nzuri mno ya Ortelius ya 1570 kwa mtu akamchapia kwenye fleksi, akaileta kwangu nimsaidie. Ile mashine imetengenezwa kwa kitu cha kuangaliwa kutoka ng'ambo ya barabara, majina yote yamevimba, harufu ya wino sebule nzima, na inang'aa kama kava la meza. Nimsaidie nini sasa.

Kuna plota ya wasanifu majengo, hii kwa chati za Owen alizosema mama hapo juu ni kiboko, mstari mweusi unatoka kama wembe na gharama yake ndogo, ila uombe karatasi nzito siyo ile laini ya ramani za nyumba inayojikunja. Kwa ramani za rangi tafuta mashine ya inkjet ya wino wa pigmenti, siyo wino wa dai (dye). Wa dai unapendeza siku ya kwanza, ukipigwa jua la dirishani mwekundu unakimbia kwanza na bahari yako inabaki kijani ya ajabu. Karatasi isiyong'aa, kama utapata ya pamba chukua, inakaribia sana karatasi za zamani zile.

Na kabla hujachapa kubwa, kata kipande cha A4 kwenye sehemu yenye maandishi madogo kuliko yote, chapa hicho tu kwa ukubwa ule ule wa mwisho. Ukiweza kukisoma endelea. Vijana wa kompyuta msiisafishe sana karatasi ikawa nyeupe pepepe, ule umanjano uacheni, mkiuondoa na rangi za mikono zinaondoka nao.

Forodhani Crafts

Wakuu mimi nina kibanda Unguja, watalii wananiulizia sana vitu hivi. Naruhusiwa kuchapa niuze au nitafungwa 😅

Chumbageni Original

Ramani yenyewe ya kale ni huru, lakini angalia masharti ya aliyeskani. David Rumsey kwa mfano wanaruhusu matumizi yasiyo ya biashara, ukitaka kuuza unaomba kwanza. Library of Congress wanaandika hali ya haki kwenye ukurasa wa kila ramani, soma pale kabla ya kupakua, nyingi za zamani hazina kizuizi. Usichanganye mafaili, weka folda ya kuuza mbali na folda ya kwako.

Na tafadhali andika NAKALA nyuma ya kila moja.

Mdau Muscat

Hapo kwenye nakala niongeze. Kuna wauzaji wanachukua printi ya jana wanaipaka chai, wanaikunjakunja, wanachoma kingo kidogo na moto halafu wanamwambia mgeni ya miaka mia mbili. Kuwatambua siyo kazi, beba kioo cha kukuzia. Printi ya kawaida ya kisasa ukiikuza rangi zinakuwa vidoti vidoti, nyekundu na samawati na njano. Iliyochapwa kwa bamba la shaba mstari wake ni mmoja umenyooka hauna vidoti, rangi imepakwa kwa brashi mpaka imevuka mstari, na ukipapasa pembezoni unausikia mfinyo wa bamba umezunguka mchoro. Za kwenye atlasi zina na mkunjo katikati, nyuma mara nyingi kuna maandishi. Chai haitengenezi mfinyo.

Buda wa Thika Road

Wasee, kuna kitu hamjataja. Kama hutaki siasa za mkoloni na hutaki konokono, enda Survey of Kenya pale Ruaraka uchukue shiti ya 1:50,000 ya kwenu ushago. Mimi niliweka ya kwetu Nyeri, mistari ya mwinuko imejaa hadi inakaa alama za vidole, shule ya msingi nilisoma iko hapo, mto uko hapo. Buda wangu alikaa mbele yake saa nzima ananionyesha shamba lilikatwa wapi. Hakuna Blaeu anaweza fanya hiyo.

Mwl. Jiografia

Hii nimeipenda. Na huku kwetu zipo za namna hiyo, idara ya upimaji na ramani wizara ya ardhi. Za miaka ya 60 na 70 ndizo zenye sura, rangi zake zimetulia.

Binti Shela

Jamani na fremu? Mie niko Lamu, nyumba ya mawe ya matumbawe, ukuta unatoa chumvi. Picha yoyote niwekayo ndani ya mwaka ina madoa ya kahawia na ukungu kwenye kioo.

Bi Makadara

Mwanangu Binti Shela, wewe ni kama mie, Mji wa Kale ni hivyo hivyo. Usiweke ukuta wa nje unaopigwa na mvua za kusi, chagua ukuta wa ndani. Kisha fremu isilale juu ya ukuta bapa, tia vipande vya kizibo nyuma pembe zote nne ili hewa ipite. Na karatasi isiguse kioo kabisa kabisa! Ikigusa, ule mvuke waiganda, siku ya kuitoa yatoka na ngozi.

Mpiga Plota

Mama kamaliza. Nyongeza: mafundi wetu wanapenda kuziba nyuma kwa hadibodi, ile ina asidi, baada ya miaka michache inaichoma karatasi inakuwa kahawia kwa nyuma halafu inatokea mbele. Kati ya hadibodi na ramani weka karatasi nene isiyo na asidi. Na yule kijana anayetaka kuibandika kwa gundi moja kwa moja kwenye ubao ili inyooke, mkataze. Ishikwe juu tu kwa vipande viwili, chini iwe huru, ikivuta unyevu inatanuka yenyewe ikikauka inarudi. Ukiibana pande zote inafanya mawimbi.

Kioo cha kawaida kinatosha ila jua la magharibi la saa kumi linaloingia moja kwa moja hakuna wino unalivumilia.

Mkurugenzi wa Sofa

Nimerudi. Nimeingia Stanford nimepakua Blaeu, nilikuwa nimekaa kimya nasoma. Wife kaiona ile ya konokono kwenye laptopu kaniuliza hii ni nini, nikamweleza mambo ya Tanga na Tabora kama mlivyosema, sasa anataka hiyo hiyo 🤦🏾‍♂️ na anataka na ile ya Speke jirani yake. Blaeu kasema ikae korido.

Wakuu hiyo ya 1856 ukubwa gani inapendeza? Na naipataje, mimi Kijerumani hola.

Nyuki wa Tabora

Shemeji ana akili kuliko wewe 😂

Usiipeleke zaidi ya A2. Ilichapwa kuwa ramani ya jarida, ukiikuza sana herufi zinakuwa kama za watoto wa chekechea. Kutafuta andika Erhardt Rebmann 1856 Petermann, inakuja, mkusanyo wa kampuni ya Perthes iliyochapa jarida uko Gotha mpaka leo. Ukipata skani mbili linganisha kwa kukuza pale kwenye majina ya njia za Pwani, inayosomeka ndiyo uchukue hata kama nyingine ina rangi nzuri zaidi. Halafu zote mbili zichapwe siku moja kwa mashine moja na karatasi moja, la sivyo moja itakuwa ya njano nyingine ya kijivu na ukuta utaonekana umechanganywa mafuta na maji.

Mkurugenzi wa Sofa

Sawa kaka. Mpiga Plota nikutumie kwa WhatsApp?

Mpiga Plota

WhatsApp inaibana picha inakuja nyembamba, labda uitume kama dokumenti. Njoo na flashi, uwe na lile faili la TIFF lenyewe ulivyolipakua usilifungue wala usili-crop, na uje asubuhi kabla foleni ya mabango ya kampeni haijaanza.